Jiwe la Kuanikia Mtama

Nyuma ya nyumba ya bibi, kule Chamwino, kuna mwamba mpana uliolala kama mgongo wa ng'ombe aliyeshiba. Bibi alianika mtama juu yake, akaupura hapohapo, na jioni jiwe likishapoa alikaa juu yake akitutoa miiba miguuni. Nilipokuwa na miaka minane au tisa nilimuuliza nani alilileta lile jiwe. Akasema alilikuta. Na mama yake? Naye alilikuta. Nikamuuliza, na wewe bibi ulizaliwa mwaka gani? Akanijibu kama walivyojibu wazee wengi wa Ugogo wa umri wake: hakutaja mwaka, alitaja njaa. Mama yake aliponea Mtunya akiwa bado mwali, akaolewa mvua ziliporudi, na yeye bibi akawa mtoto wa pili.

Mtunya ni ile njaa iliyoikausha nchi hii kati ya 1917 na 1920. Majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalipita yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikakatika. Watu walikufa, wengine wakahama, wengine wakawapeleka watoto kwa jamaa wa mbali ili wapate kula. Aliyebaki hai alikuwa na alama ya kuhesabia miaka yake yote iliyofuata. Kwenye kadi ya kliniki ya bibi mtu fulani aliandika 1925. Alikisia tu, na nyumbani hakuna aliyebisha.

Sasa mimi nimesoma jiolojia na maisha yangu ni ya mawe. Swali lile la utotoni sijaliacha, ila limebadilika sura. Siku hizi, nikiona jiwe, mfupa au mkaa uliotoka shimoni, sijiulizi kwanza una umri gani. Najiuliza mlango wake ulifungwa lini. Kila saa ya asili ninayoijua inaanza kuhesabu pale kitu kinapofunga mlango, yaani kinapoacha kuingiza na kutoa. Usipojua ni mlango gani, namba utakayopewa na maabara ni namba tu.

Nianze na jiwe la bibi, maana kwenye mawe hadithi ni safi zaidi.

Ni graniti. Ardhi hii, kuanzia Dodoma kupita Singida, Tabora na Shinyanga hadi karibu na Ziwa Victoria, ni kipande kikongwe cha gamba la dunia ambacho wanajiolojia hukiita Kratoni ya Tanzania. Graniti zake nyingi zina umri wa miaka bilioni 2.6 hadi 2.7. Ukiiponda graniti, ukaipeta kwenye maji kama wachimbaji wadogo wanavyopeta dhahabu kwenye karai, chini kabisa hubaki punje nzito ndogo kuliko chembe ya chumvi. Baadhi ya punje hizo ni zirkoni. Zirkoni inapoganda kutoka kwenye mwamba ulioyeyuka, hupokea atomu za urani ndani yake, lakini risasi, ile metali, huikataa karibu yote. Hapo ndipo mlango unapofungwa. Kuanzia siku hiyo, risasi utakayoikuta ndani imezaliwa humohumo, kutokana na urani iliyooza, yaani atomu zake zilizogeuka zenyewe kuwa za kitu kingine.

Na urani haiji peke yake, huja na nduguye. Urani-238 hupungua nusu kila miaka bilioni 4.47, na kuishia kuwa risasi-206. Urani-235 hupungua nusu kila miaka milioni 704, na kuishia kuwa risasi-207. Chukua punje ya miaka bilioni 2.7. Katika kila atomu 100 za urani-238 zilizoingia mwanzoni, 66 hivi bado zipo. Katika kila 100 za urani-235, zimebaki 7 tu. Ni saa mbili zenye mwendo tofauti ndani ya punje moja. Zikitaja umri uleule, unaweza kulala usingizi. Zisipopatana, unajua kwamba mlango uliwahi kufunguka, labda mwamba ulipashwa moto tena, labda punje ilipasuka na risasi ikachuruzika. Kwangu huu ndio uzuri mkubwa wa njia hii: ikikosea, yenyewe inakuambia.

Mmoja wa walioijenga, Mwingereza Arthur Holmes, alikuja pande zetu za Afrika akiwa kijana mwaka 1911, kutafuta madini Msumbiji, na malaria ikamtia kitandani karibu afe. Baadaye ndiye aliyeupa jina Ukanda wa Msumbiji, yaani ile miamba iliyokunjwa na kupikwa inayopita upande wa mashariki mwetu. Kila nikishuka kwa basi kwenda Morogoro huwa najua kwamba mahali fulani njiani nimeacha miamba ya bilioni na kuingia kwenye iliyopikwa upya miaka milioni mia kadhaa iliyopita. Dirishani huoni tofauti kubwa. Ni vilima vilevile na vichaka vilevile.

Mwingine ni Clair Patterson wa Marekani, ambaye mwaka 1956 alitangaza umri wa dunia yenyewe kuwa miaka bilioni 4.55, kwa kupima risasi ndani ya vimondo. Kazi ilimchukua miaka kwa sababu kila alipopima alikuta risasi nyingi kupita kiasi. Ilikuwa kwenye vumbi, kwenye rangi ya kuta, kwenye nywele zake. Ikabidi asugue maabara kwa asidi na kuchuja hewa hadi akapata chumba safi kweli. Ndipo akaelewa kwamba risasi ile ilitoka sana kwenye petroli ya magari na kwamba sote tunaivuta, akatumia miaka yake iliyobaki kuipinga. Hapa kwetu, Afrika kusini mwa Sahara, petroli ya risasi iliendelea kuuzwa hadi miaka ya 2000. Nilikua nikiivuta stendi. Mtu aliyetaka kujua umri wa dunia ndiye aliyesaidia kuitoa sumu ile kwenye damu za watoto, nami namheshimu kwa hilo kuliko kwa ile bilioni 4.55.

Mfupa ni jambo lingine kabisa.

Nikiwa mwanafunzi nilichukuliwa kuwa kibarua kwenye uchimbaji wa kisayansi chini ya jabali. Mahali sitapataja. Kazi yangu ilikuwa kuchekecha udongo na kuandika lebo. Siku ya tano ulitokea mfupa wa mguu wa mnyama, mzuri kwa macho, ila ulikuwa unameguka kama biskuti iliyolowa. Nikauhurumia. Nilikuwa na chupa ya gundi, nikaupaka ili usivunjike njiani. Mwalimu wetu aliporudi jioni aliutazama muda mrefu, kisha akauliza, "Hii gundi imetengenezwa na nini?" Sikujua. Gundi ni kaboni, na tulichokuwa tunataka kupima ni kaboni. Mfupa ule uliwekwa kando. Hakunigombeza, na kule kunyamaza kwake kuliniuma zaidi.

Kaboni-14 hutengenezwa juu angani, mionzi ya kutoka anga za mbali inapogonga hewa. Huingia kwenye majani, majani huliwa na mbuzi, mbuzi huliwa na sisi. Kiumbe akiwa hai huingiza na kutoa, mlango uko wazi. Akifa, umefungwa, na kaboni-14 aliyonayo hupungua nusu kila miaka 5,730. Willard Libby na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba saa hii inasomeka, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1960.

Shida ni uchache wake. Hata kwenye mwili ulio hai, kaboni-14 ni kama atomu moja katika atomu trilioni moja za kaboni. Libby alikuwa anazisubiri zioze, kila inayooza inapiga mlio mmoja kwenye kifaa. Fikiria miligramu moja ya kaboni mpya. Ndani yake kuna atomu za kaboni-14 kama milioni 60, na kwa siku nzima zinazooza hazizidi 20 hivi. Ni sawa na kutaka kujua idadi ya watu wa mji kwa kusimama getini mwa makaburi. Ndiyo maana zamani walihitaji gramu kadhaa za mkaa au mfupa, na kifaa kilihesabu kwa siku nyingi. Mwaka 1977 ilionyeshwa njia ya kuzihesabu atomu zenyewe bila kungoja zife: unazirusha kwa kasi kubwa ndani ya mtambo mrefu wenye sumaku, nzito zinapinda kidogo na nyepesi zinapinda zaidi, na kila moja inaangukia kwake. Miligramu moja sasa inatosha. Mtambo wa namna hiyo upo Johannesburg, kwenye maabara za iThemba. Hivi sasa kwetu mfupa wa Kondoa hupanda ndege ili uambiwe umri wake.

Mfupa wa pili tulioupeleka ulikuwa safi, haujaguswa na gundi wala na mkono wangu. Jibu lilirudi baada ya miezi: kolajeni haitoshi. Kolajeni ni ile sehemu ya mfupa inayofanana na gelatini, ndiyo inayobeba kaboni ya kuaminika. Mfupa mbichi unayo kama asilimia 20 ya uzito wake, na maabara nyingi hukataa ikishuka chini ya asilimia moja. Joto ndilo adui. Mifupa ya Ulaya iliyolala kwenye baridi huhifadhi kolajeni kwa makumi ya maelfu ya miaka. Udongo wa huku kwetu, unaopikwa na jua la Oktoba na kulowa ghafla Desemba, mwaka baada ya mwaka, huila yote. Mfupa unabaki na umbo lake, na ndani hamna kitu.

Kwa hiyo katikati ya Tanzania mfupa mara nyingi haujibu, na anayejibu ni mbuni. Kwenye pango la Kisese II, wilaya ya Kondoa, ambalo Ray Inskeep alilichimba mwaka 1956, kulikuwa na vipande vingi vya maganda ya mayai ya mbuni, na shanga zilizotobolewa kutokana na maganda hayo. Ganda la yai ni gumu, limefungika, na halihitaji kolajeni. Vipande vilivyokuwa vimekaa makumbusho tangu uchimbaji ule vilipimwa upya karne hii, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018: watu walikuwa wanaishi chini ya jabali lile zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Walivaa shanga hapa Kondoa wakati sehemu kubwa ya Ulaya kaskazini iko chini ya barafu au inaelekea huko. Mbuni naye ana kasoro yake, ganda lake huonekana la zamani zaidi kwa karne moja au mbili kuliko lilivyo, lakini kwa muda mrefu namna hiyo kosa hilo halimzuii mtu kulala.

Michoro yenyewe ya Kondoa, ile myekundu ya watu warefu wenye vichwa vya ajabu na twiga waliochorwa kwa mstari mmoja usiosita, ni maumivu yangu. UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kila mgeni anayepanda Kolo huuliza swali lilelile, ina miaka mingapi? Rangi nyekundu ni udongo wa chuma. Haina kaboni ya kuhesabu. Unaweza kukuta vipande vya udongo huo mwekundu kwenye tabaka la pangoni na kulipima tabaka, lakini kati ya kipande kilichoko chini na mchoro ulioko ukutani kuna nafasi ambayo hakuna atomu inayoivuka. Nimesimama mbele ya ukuta ule mara nyingi, nikiwa na elimu yote hii kichwani, na ukuta haujanipa hata namba moja.

Kuna jambo dogo la upepo ambalo nalipenda. Kaboni-14 ya kusini mwa dunia ni pungufu kidogo kuliko ya kaskazini, kwa sababu bahari kubwa ya kusini hupumua kaboni ya zamani. Tofauti ni ya miongo kadhaa. Ndiyo maana kuna jedwali la kusahihishia umri la kaskazini na jingine la kusini. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Unadhani basi jedwali la kusini. Lakini mtama wetu hukua masika ya Desemba hadi Aprili, na miezi ile ya mwanzo upepo unaovuma ni kaskazi, unaoleta hewa ya upande wa pili wa ikweta. Kusi huvuma mabua yakiwa yamekauka. Watafiti wa Afrika Mashariki hulazimika kuchanganya majedwali mawili. Mabaharia wa Pwani walijua kaskazi na kusi kwa ajili ya majahazi, na hapa bara upepo huohuo umeandikwa ndani ya punje ya mtama.

Olduvai wamesimuliwa sana, nitapita haraka. Mary Leakey alipoliona fuvu la Zinj, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, tarehe 17 Julai 1959, walilikadiria miaka 600,000. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis walipima majivu ya volkano ya tabaka lile kwa potasiamu na agoni, wakapata milioni 1.75. Mlango pale ulifungwa na moto: lava ikiwa ya moto hupoteza gesi ya agoni yote, ikipoa huanza kuikusanya upya kutokana na potasiamu inayooza. Angalia lakini kwamba fuvu lenyewe halikupimwa. Kilichopimwa ni majivu. Sisi wa Dodoma hatuna volkano ya kutufunika namna hiyo, na tuna wivu wa haki kabisa.

Tulicho nacho ni urani, na hiyo nayo ina vituko vyake. Graniti zetu zinapochakaa juani, urani hutoka na maji ya mvua, huenda hadi kwenye mbuga tambarare kama za Bahi na Manyoni, maji yanakauka, inabaki kwenye udongo wa chokaa. Ndiyo maana watafutaji wa urani walifika Bahi. Urani inapenda maji hivyo, kwa hiyo mfupa uliozikwa huinywa pia, pole pole, kwa maelfu ya miaka. Mifupa ya Isimila, kule Iringa penye mashoka makubwa ya mawe, ilipimwa kwa njia hiyo mwaka 1972 ikatoa miaka kama 260,000. Ni kazi nzuri kwa wakati wake. Lakini mfupa unaokunywa ni nyumba ambayo mlango unafunguliwa na kufungwa bila mtu kuandika, nami nikisoma namba hiyo huisoma kwa upole.

Pengo basi ni hili. Kaboni-14 hukata pumzi kama kwenye miaka 50,000. Kwa sampuli ya zamani mno isiyobaki na kitu, uchafu wa asilimia moja tu ya kaboni mpya utaifanya ionekane ya miaka chini ya 40,000. Gundi yangu ingetosha sana. Zaidi ya hapo, kama huna volkano, mfupa hauna wa kuusemea.

Mwaka 2023 kundi la watafiti wa Hefei, China, lilitangaza jambo ambalo nililisoma nikiwa nimesimama. Kalsiamu-41. Mfupa ni kalsiamu. Isotopu hii, yaani aina hii ya atomu za kalsiamu, hutengenezwa pale mionzi ya angani inapogonga kalsiamu ya kawaida kwenye miamba na udongo wa juu, na hupungua nusu kila miaka 99,400 hivi. Wazo la kuitumia kwenye mifupa lilitolewa tangu 1979. Kilichokosekana ni uwezo wa kuiona, maana ni kama atomu moja katika milioni ya milioni, mara elfu. Na inapopimwa kwa uzito, potasiamu-41 hujichanganya nayo, ina karibu uzito uleule. Wale wa Hefei waliacha mizani. Walitumia leza yenye rangi iliyochaguliwa kwa ufinyu wa ajabu, rangi ambayo kalsiamu-41 pekee huiitikia, ikanaswa atomu mojamoja na kuhesabiwa. Mchungaji wa Kigogo atanielewa upesi: zizi lina ng'ombe mia, anapiga mluzi mmoja, anainua kichwa ng'ombe mmoja. Walijaribu kwa mfupa, kwa mwamba na kwa maji ya bahari.

Nilifurahi siku nzima. Usiku nikaanza kuuliza kuhusu mlango. Kaboni-14 huchanganyika na hewa ya dunia nzima, kwa hiyo tunajua kiumbe alianza na kiasi gani. Kalsiamu-41 hutengenezwa ardhini, na kiasi chake hutegemea kina cha udongo, mwinuko, na kasi ya mmomonyoko. Swala wa bondeni na swala wa mlimani huenda wakaanza na viwango tofauti. Halafu mfupa ukizikwa kwenye kina kifupi mionzi inaendelea kutengeneza nyingine humohumo. Udongo wa majabali yetu ni wa kina kifupi. Naamini njia hii itasaidia kwanza mapango marefu yenye mwamba mnene juu, na Kondoa itasubiri hadi mtu apime kwa uvumilivu kalsiamu-41 ya udongo wa hapa, bonde kwa bonde. Kazi hiyo inahitaji vijana wetu wenye majembe, mifuko na penseli kabla haijahitaji leza.

Mwaka huu nilikwenda Chamwino kumwomba baba mdogo ruhusa ya kumega kipande cha lile jiwe. Nilimkuta kivulini, tukasalimiana, mbukwa, mbukwa, akauliza habari za mjini, nikamweleza nilichofuata.

"Litakwambia umri wake?"

"Litasema, baba. Kwa kukosea miaka milioni chache."

Akatikisa kichwa, milioni chache zilimshangaza. Kisha akauliza kile nilichokuwa nakiogopa. "Na mama je? Hizo mashine haziwezi kutwambia alizaliwa mwaka gani?"

Nilimweleza ukweli. Yeye mwenyewe, aliyezaliwa 1964, mwaka wa Muungano, angeweza kusomwa. Mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa angani kabla ya mkataba wa 1963 yaliijaza hewa kaboni-14, kaskazini mwa dunia ikakaribia mara mbili ya kawaida, na tangu hapo inashuka kila mwaka. Gamba la jino hujengwa utotoni na halijengwi tena, huo ni mlango uliofungwa vizuri. Jino lake lingetaja mwaka wake kwa kukosea mwaka mmoja au miwili. Lakini bibi alizaliwa kabla ya mabomu. Na kati ya 1700 na 1950 kaboni-14 ya hewani ilipanda na kushuka, kisha moshi wa makaa ya mawe ukaipunguza, kiasi kwamba miaka hiyo yote hufanana machoni pa mashine. Jiwe alilokalia linaweza kutaja bilioni zake. Yeye ameangukia pale ambapo saa zote ninazozijua haziandiki kitu.

Baba mdogo alikaa kimya. Baadaye akasema mama yake aliwahi kumwambia kwamba mwaka aliozaliwa mibuyu ilizaa sana, hadi watu wakachoka ubuyu. Hilo sikuwahi kulisikia. Nimeliandika kwenye daftari chini ya Mtunya.

Akanionyesha pa kupiga nyundo. "Upande wa mbuyu. Huku alikokuwa anakaa, usipaguse." Nilipiga mara tatu. Kipande kilichotoka kilikuwa na ukubwa wa ngumi, ndani chekundu-kijivu na chenye kumeta. Akanishikia mfuko nikakitia. Nikaandika lebo kwa penseli: kijiji, tarehe, upande wa mwamba, jina langu. Akaisoma, akanirudishia.

"Andika na jina la mama."

Nikaandika.